Wivu Wangu na Safari Yako ya Israeli

Jillo mwanangu,

Umetoka hapa saa nane kwenda Garsen kumuaga Mama Barissa, na sanduku lako umeliacha wazi juu ya kitanda. Nimekaa mlangoni na daftari lako la zamani la jiografia, lile lililobaki na kurasa safi kwa nyuma. Kesho asubuhi utapanda basi Minjila, na baada ya hapo nitakuwa nakufuata kwa mawazo tu, maana njia yenyewe siijui. Nataka nimalize kuandika kabla hujarudi. Ukiwa karibu nitajifanya nina kazi jikoni, kama nilivyojifanya wiki mbili hizi.

Sitakuandikia habari ya sweta, wala dawa, wala namna ya kuficha pasipoti. Shangazi yako ameyasema hayo mpaka kuku wa hapa nyumbani wameyajua. Nakuandikia kwa sababu ya siku ile uliponijia nikiwa nachambua mchele, ukapiga magoti kama baba yako alivyokufundisha, ukasema, "Mama, naomba radhi zako niende." Nikakuambia maharagwe yanaungua. Nikainuka nikakuacha umepiga magoti kwenye mkeka. Hakukuwa na maharagwe yoyote jikoni.

Tangu siku hiyo hujaniomba tena. Unadhani nimekunyima radhi kwa sababu ya Gaza. Nusu ya soko inadhani hivyo, na wengine wamenisifu. Sifa ile si yangu, na sitaki uondoke ukiwa umeiamini.

Ulipokuwa darasa la kwanza ulipenda sana ramani iliyo mwisho wa Biblia ya baba yako. Ulifuata Mto Yordani kwa kidole mpaka Bahari ya Chumvi, ukauliza, "Na kwetu Golbanti iko wapi?" Baba yako hakucheka. Alichukua penseli akachora mto mwingine pembeni, akaandika Tana, akaweka nukta, akasema, "Hapa." Kwa muda mrefu uliamini kwamba mtu akipita mashamba ya mpunga na kutembea siku mbili atafika Yeriko. Mimi mwenyewe, na masomo yangu ya darasa la nane, sikuwa mbali nawe. Israeli ilikuwa nchi ya nyimbo za kanisani. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu kule wanaoanika nguo.

Kwa hiyo habari zilipokuja kwamba watu wameuawa majumbani mwao, na wengine wamechukuliwa mateka, mpaka wazee na watoto, kanisani tuliomba na kulia. Mimi nililia kweli. Kwenye simu ya Mama Pendo kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anangoja habari za binti yake, akishika picha yake kwa mikono miwili. Nilimwombea binti huyo wiki nzima, ingawa jina lake sikuweza kulitamka. Nikabandika kibendera cha buluu na nyeupe kwenye meza yangu ya ndizi.

Meza yangu, unajua, iko kati ya Mama Pendo wa mandazi na Mama Barissa wa maziwa. Mama Barissa alikiona kile kibendera asubuhi hiyo hiyo. Alinipimia maziwa ya chai kama siku zote.

Wiki zilizofuata picha za upande wa pili zikaanza kuingia kwenye simu za watu. Nyumba zimelala chini, watoto wamejaa vumbi jeupe, watu wamepanga foleni na sufuria tupu. Soko likagawanyika. Watu wakawa wananunua ndizi huku wakigombana juu ya mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika.

"Hao ni taifa teule," alikuwa anasema Mama Pendo. "Imeandikwa. Mimi siwezi kubishana na maandiko, nina mandazi kwenye mafuta."

"Na mtoto mchanga wa Gaza ameandikwa wapi?" kijana mmoja wa bodaboda akamuuliza. "Nionyeshe mstari, mama."

"Nunua mandazi kwanza."

"Nikinunua utanionyesha?"

"Ukinunua utakuwa na kitu mdomoni, tutapumzika."

Tulikwenda hivyo kwa mzaha mpaka mzaha ukaisha. Siku moja mteja wangu, tena mtu wa kanisa letu, alimwambia Mama Barissa kwamba watu wa dini yake ndio waliojitakia. Mama Barissa alifunika ndoo yake, akahamia upande wa pili wa barabara. Alikaa huko siku nne, anauza maziwa juani. Nilikuwa namwona. Ningeweza kumwita, maana sauti yangu ingemfikia bila hata kusimama. Sikumwita.

Halafu watu wakaanza kubadilika, polepole, bila mtu kutangaza. Vijana kanisani walimuuliza mchungaji kama Israeli ya Biblia na serikali ya leo ni kitu kimoja, na yeye aliyekuwa na jibu tayari hapo mwanzo akaanza kusema tuwaombee wote. Mama Pendo hakutaja tena taifa teule. Wengine walibaki pale pale walipokuwa. Na nilimsikia shehe mmoja, amesimama kununua ndizi, akimwambia mwenzake kwamba kuchukua watoto wa watu mateka hakutetewi na dini yoyote, na mwenzake akaondoka bila kumuaga. Kila upande ulikuwa na watu waliokuwa wanagombana na watu wao wenyewe.

Mimi nilishikilia kibendera changu. Baba yako alikuwa amefariki katikati ya mambo hayo, baada ya kile kikohozi kirefu, na nilihisi nikikibandua nitakuwa nafuta pia ule mto aliouchora kwa penseli. Sikuwa na sababu nyingine. Watu walinibishia kwa hoja, na mimi nilikuwa nawajibu kwa ukaidi wa mjane.

Ndipo ukaja wewe na karatasi zako. Kazi ya shambani, Israeli, nyanya na pilipili hoho, mkataba umeandikwa na nafasi imepatikana. Ulizitandaza mezani ukazilainisha kwa kiganja, kama baba yako alivyokuwa akilainisha gazeti. Kila mtu alitegemea nifurahi. Shangazi yako alisema mwanangu anakwenda kukanyaga alipokanyaga Bwana.

Nilikibandua kibendera kabla ya Jumapili iliyofuata. Nilikikwangua kwa kisu. Jumatatu nikasimama sokoni nikasema kwa sauti kwamba nchi inayofanya mambo yale kwa watoto mimi siiombei tena.

"Juzi ulikuwa Yerusalemu, leo uko Gaza," Mama Pendo akaniambia. "Hiyo nauli umelipiwa na nani?"

Wanawake wakacheka, lakini baadaye walikuja mmoja mmoja kuniambia nimefanya vyema, kwamba si rahisi mtu mzima kugeuza moyo mbele ya watu. Nilipokea sifa hizo. Nilikwenda nazo nyumbani.

Jillo, moyo wangu haukugeuzwa na watoto wa Gaza. Picha zao nilikuwa nimeziona kwa miezi mingi na bado nilikuwa nimekibandika kibendera. Kilichonigeuza ni kwamba nchi ile ilikuwa inakuchukua wewe. Niliionea wivu. Niliona mikono niliyoifundisha kupandikiza mpunga inakwenda kuchuma pilipili za mtu mwingine, na kwamba udongo wa kule utaijua kuliko huu wetu. Nilitafuta neno baya la kuisema nchi hiyo, nikalikuta limeshaandaliwa na watu wenye uchungu wa kweli, nikalichukua nikalitumia. Niliazima msiba wao ili nikuzuie.

Na wivu huo haukuanzia hapo. Siku tuliyomzika baba yako hukulia mbele yangu. Ulibeba viti, ukachemsha maji, ukawapokea watu mkono. Nilisema moyoni, ni mwanaume, atalia baadaye na mimi. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta beseni, nikakukuta umeegemea bega la Mama Barissa, umelowesha shuka lake. Alikuwa anakupigapiga mgongoni kwa kiganja, kama mtu anayembembeleza ndama. Nilirudi bila beseni.

Miezi michache baadaye ulikuwa umekaa hapa mlangoni na simu. Nilichungulia nikaona mama mmoja wa Gaza amebeba kitu kilichofungwa kwa shuka jeupe, na machozi yalikuwa yanakutoka. Mwanamke yule alikuwa amefiwa na mtoto, na mimi nilimwonea wivu. Nilitamani machozi yako. Nikakuambia uzime simu, inamaliza chaji. Sijui kama unakumbuka. Mimi nakumbuka kila siku.

Kuna jambo la zamani zaidi ambalo hukuwahi kuambiwa vizuri, kwa sababu ulikuwa bado mgongoni mwangu. Shamba letu lilipakana na malka, ile njia pana ya ng'ombe wa Waorma kuteremkia mtoni wakati wa kiangazi. Haikuandikwa mahali popote, na kila mtu aliijua. Ng'ombe walikuwa wamepita hapo miaka na miaka, na udongo ulikuwa mweusi na laini kwa samadi. Nikisimama kwenye mahindi yangu membamba nilikuwa nautazama ule udongo kama mtu anavyotazama sahani ya jirani.

Nilimwambia baba yako, "Ng'ombe hawapo karibu mwaka mzima. Ardhi imelala bure."

Akasema, "Haijalala. Inangoja."

Nikamwambia anawaogopa wafugaji kuliko anavyompenda mkewe. Nililisema kila jioni mpaka akachoka. Tulipanda migomba pale, tukazungushia miba. Ilistawi haraka, na mikungu yake ilikuwa ya kujivunia.

Kiangazi kilipokuja, ng'ombe walifika wamekonda, wakasimama mbele ya miba yetu. Wafugaji wangeweza kuivunja. Hawakuivunja. Waliwazungusha wanyama mpaka kule juu penye ukingo mkali, na huko ndama mmoja jike akateleza akavunjika mguu majini. Mamba hakuchelewa. Msichana mmoja alibaki amesimama ukingoni anamwita yule ndama kwa jina. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya miba na wewe mgongoni, na hapo ndipo nilipojua kwamba ng'ombe wana majina.

Wazee wa pande mbili wakakutana. Mimi niliulizwa, nikaapa kwamba sikuwahi kuona njia pale. Baba yako alikuwa amekaa nyuma. Akasimama akasema, "Njia ilikuwepo. Tumeifunga sisi." Migomba ikakatwa siku hiyo hiyo, nasi tukalipa ndama. Sikuzungumza na baba yako karibu mwezi mzima, na nilikuwa nampakulia chakula kidogo kwa makusudi. Leo najua alituokoa. Unajua mambo kama hayo yamefika hadi kuuana hapa kwetu pale ambapo hakuna mtu aliyesimama.

Msichana yule ndiye Mama Barissa. Miaka mingi baadaye alikuja kuweka ndoo yake kando ya meza yangu, akanitazama, akasema, "Wewe nakujua." Nikasema, "Mimi pia." Tangu hapo tumekunywa chai pamoja.

Jumatano nilimfuata kwake. Nilikuwa nimesikia kwamba ulikwenda kwake kabla ya kunijia mimi, na kwamba alikupa baraka zake. Nilikasirika. Nilimwambia, "Mwanangu ana mama. Kwa nini anaanzia kwako?"

Alikuwa anasugua ndoo. Hakuinua kichwa. "Mimi sijamwita. Yeye kuja yeye mwenyewe."

"Alitaka nini?"

"Kuuliza. Anasema, mama, nikienda kule, wewe utanifukuza kwako?"

"Ukasemaje?"

"Nasema enda. Kijana anatafuta kazi, mimi namfukuza kwa nini? Halafu nasema tena, lakini mimi naumia. Kule wanakufa watu, na mimi naona wewe unaenda hapo karibu, naumia. Yote mbili namwambia."

"Na yeye?"

"Anashika kichwa hivi, analia kidogo. Mimi nampa maziwa." Akayamwaga yale maji ya ndoo, na sasa akanitazama. "Wewe Mama Jillo, unamwambia nini?"

Nilimwambia nina haraka, nimeacha meza.

Nimelifikiria jambo hilo siku zote hizi. Yeye ndiye mwenye haki ya kukataa. Yeye hufuturu Ramadhani kwa machozi, anajua majina ya miji ya kule kama anavyojua malisho. Na yeye aliweza kukuambia enda, na kukuambia anaumia, kwa pumzi moja. Mimi niliyekuzaa sikuweza kukuambia hata moja. Nilimwonea wivu kwa hilo kuliko hata kwa yale machozi yako begani mwake.

Sasa unakwenda, na mimi sina mashauri ya mtu anayejua. Sijui nani atashinda wala nani alianza, na wale wanaonijulisha kila asubuhi kwenye meza yangu nimeona wanavyobadilika kulingana na mteja. Lakini kuhusu shamba najua kidogo. Ukifika huko usiharakishe kusifu udongo. Ukipata mtu wa kumuuliza, uliza nani alikuwa akipita hapo zamani. Huenda ukaambiwa hakuna. Labda ni kweli. Mimi niliwahi kulisema neno hilo mbele ya wazee nikiwa nimeapa.

Ukimkuta mwenye shamba analia, kwa sababu wapo kule wenye viti vitupu mezani, usimwambie siku hiyo habari za Gaza. Ukikutana na Mpalestina mnafanya kazi sehemu moja, usimfungulie Biblia. Kaa naye. Mwulize jina la mama yake. Watu wa hapa watakupigia simu kutaka uwaambie wanachotaka kusikia, mimi nikiwa wa kwanza, na utaona ni rahisi kutufurahisha. Sema ulichokiona. Kama hujaona kitu, sema hujaona.

Na usibaki huko kwa kunionea huruma, kunitumia vitu ukidhani ndivyo ninavyolilia. Wala usirudi kwa kuniogopa. Ukiona hatari, ukiona mambo ambayo mikono yako haiwezi kuyafanyia kazi, rudi, na mtu yeyote atakayekucheka atanikuta mlangoni.

Jua limefika kwenye mpunga sasa. Nimesoma niliyoandika na naona aibu, lakini sitafuta hata sehemu moja. Nilitaka kukuambia mambo mawili, kama mwenzangu alivyoweza. Naumia, Jillo. Sitaki uende. Nikiwa peke yangu usiku nitaichukia ile nchi kwa sababu ya sahani yako isiyotumika, na chuki hiyo usiichukulie kuwa maoni yangu. Hilo la kwanza.

La pili sitaliandika. Nasikia sauti yako kwa shangazi yako, unamuuliza kama nimekula. Daftari hili nitaliweka chini ya nguo zako, utalikuta ukishafika. Sasa naondoka mlangoni, nakuja kukukuta njiani, na pale pale njiani, mbele ya huyo shangazi na yeyote atakayekuwa anapita, nitakuwekea mkono kichwani. Hutahitaji kupiga magoti mara ya pili.

Mama yako